Wanaopotea Wawili Wawili

Upepo wa kusi unaposhika, kuanzia mwezi wa Mei hadi Septemba, bahari iliyo mashariki ya Unguja na ile iliyo baina ya Unguja na Pemba hubadilika tabia. Wazee wetu waliyajua hayo bila ya kusomewa na chombo chochote cha kupimia. Walijua majira ya kupandisha dau pwani na kulikalafati, na majira ya kulishua. Lakini tumbo halina majira. Mvuvi mwenye ngalawa ya watu wawili au watatu hutoka leo hata siku ambayo baba yake asingetoka, kwa sababu samaki wa karibu wamepungua na bei ya unga haikupungua. Ndiyo maana katika miezi hii husikika katika madiko yetu habari ile ile: chombo kilitoka alfajiri, na mpaka sasa hakijarudi.

Nchi yetu imeshaonja msiba mkubwa wa bahari. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikiwa njiani kwenda Pemba, na maiti takriban 200 wakaopolewa, mbali na wale ambao bahari haikuwarudisha. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai, 2012, meli ya Skagit ikitokea Dar es Salaam ilipinduka karibu na Chumbe, upepo ukiwa mkali. Bendera zilishushwa nusu mlingoti, dua zikasomwa, tume zikaundwa, na ni haki zilipoundwa. Lakini ngalawa iliyopotea na watu wawili haiundiwi tume. Haina orodha ya abiria, haina wakala, na mara nyingi haina hata namba ubavuni. Wanaoomboleza ni mtaa mmoja, na baada ya khitima mambo hurudi kama yalivyokuwa. Wanaopotea kwa mamia tunawakumbuka kwa tarehe. Wanaopotea wawili wawili tunawasahau, ingawa lau wangejumlishwa miaka kwa miaka tungeona kwamba nao ni shehena ya meli nzima.

Na yafaa ikumbukwe kwamba asubuhi ile ya Septemba 2011, miongoni mwa waliokuwa wa mwanzo kuwatoa watu majini, wengine wakiwa wameshikilia magodoro, walikuwa wavuvi na wenye vyombo vidogo wa pwani ya Nungwi. Watu hao hao, siku yao ikifika, hawana wa kuwafuata, si kwa sababu hakuna anayewahurumia, bali kwa sababu hakuna anayejua kwamba wamepotea mpaka saa zimeshapita.

Tunataka leo kuzungumza juu ya jambo hilo, na kuzungumza kwa uwazi, na wavuvi kwa upande mmoja na wakuu wa Serikali kwa upande wa pili.

Tukisema uvuvi, wengi wetu tulio maofisini hufikiria nyavu na madema: mtu hutega, akangoja, akavua alichopewa. Lakini kazi nyingi ya vyombo vidogo ni uwindaji hasa. Mzamiaji wa pweza hushuka mwambani na kumtafuta mnyama wake pango kwa pango. Mwenye chusa husimama gubetini akimvizia taa au papa. Mwenye mshipi hufuata ndege wa baharini mpaka walipo jodari, na ndege hawajui mpaka wa mwamba. Mwenye jarife hulala bahari kuu usiku kucha akingoja papa. Na mwindaji, awe wa msituni au wa baharini, ana tabia moja inayomponza: macho yake yote yako kwenye mawindo. Wa msituni akijisahau, ardhi bado iko chini ya miguu yake. Wa baharini akijisahau, kinachomchukua ni kipande cha mwembe kilichochongwa, nacho kinataka kutazamwa kila dakika.

Hebu tuyatazame maajali yenyewe. Aghalabu chombo kidogo hakizamishwi na dhoruba. Kinazamishwa na samaki mkubwa aliyevutwa ubavuni huku watu wote watatu wakiinama upande ule ule kumpokea. Au na mtu aliyesimama wima kurusha chusa wimbi likaja kwa nyuma. Au na tanga lililofungwa mwisho wake badala ya kushikwa mkononi, upepo wa ghafla ukaja na hapana wa kuliachia. Au na maji yaliyoingia kidogo kidogo tangu asubuhi, yakaachwa kwa sababu samaki walikuwa wanakula na hakuna aliyetaka kuacha mshipi ashike upo. Haya yote yanajulikana na kila nahodha. Kanuni ya wazee ilikuwa mmoja awinde na mmoja akae na chombo, na aliyekaa na chombo hagusi mshipi hata aone nini. Siku hizi kanuni hiyo imevunjwa kwa sababu ya mgao: kila mtu anataka samaki wake. Sisi tunasema mgao wa mwenye kushika usukani uwe sawasawa na wa mwenye kurusha chusa, wala usipungue, ili asiwe na sababu ya kuuacha.

Yako na mengine madogo yanayoua watu wakubwa. Mshipi wa samaki mzito haufungwi mkononi wala mguuni, hata kwa nukta moja, na kisu kiwe mahali ambapo mkono wowote utakifikia gizani. Taa asiingizwe chomboni akiwa hai. Aliyechomwa na mwiba wake atiwe jeraha katika maji ya moto kadiri anavyoweza kustahimili bila ya kuungua, kisha apelekwe hospitali. Wazamiaji wa pweza wasishuke wote kwa pamoja: mmoja chini, mmoja juu akimtazama, na wa tatu ndani ya chombo. Na ile desturi ya vijana kuvuta pumzi nyingi za haraka haraka kabla ya kupiga mbizi, wakidhani wanaweka akiba, iachwe kabisa. Pumzi za namna hiyo haziongezi hewa ya kutosha mwilini. Zinaondoa ile hisia inayomhimiza mtu apande juu, kwa hiyo mzamiaji huzimia chini ya maji bila ya kujihisi, na mara nyingi huzimia akiwa karibu kabisa ya kutokeza kichwa. Ameondoka kijana hodari kuliko wenzake wote, na wenzake wakabaki kusema kwamba alishikwa na shetani wa bahari.

Kuhusu mashine tutasema kidogo. Petroli igawanywe mafungu matatu, moja la kwendea, moja la kurudia, na moja la siku mbaya. Kamba ya kuzimia mashine ifungwe mwilini mwa anayeiendesha, kwa sababu boti iliyomtupa dereva wake huzunguka na kumrudia. Kafi na tanga visiachwe nyumbani eti kwa kuwa kuna mashine.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe tulilolikusudia.

Katika pwani yetu yote ya Afrika Mashariki kuna mkondo unaokwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kaskazi hupungua nguvu kwa kuwa upepo unaupinga. Wakati wa kusi upepo unausukuma, nao huweza kufika maili 3 hadi 4 za bahari kwa saa. Tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa skuli ya msingi anaiweza. Ngalawa imevunjika mlingoti nje ya Nungwi saa kumi na mbili za jioni. Nyumbani walitarajia watu wao magharibi. Magharibi imepita, wakasema labda wameshukia diko jingine. Isha imepita, wakapiga simu, haipatikani. Saa nne za usiku mke amekwenda kwa kaka wa mumewe. Kaka amekwenda kwa sheha. Sheha amesema, na ni kweli, kwamba usiku huu hapana cha kufanya, tungoje kuche. Saa kumi na mbili za asubuhi vyombo viwili vimetoka kutafuta, navyo vimetafuta nje ya Nungwi, mahali walipozoea kuvua. Lakini kwa mkondo wa maili 3 kwa saa, ngalawa ile katika saa 12 za usiku imekwenda maili 36, yaani kilomita 67 hivi. Iko usawa wa Wete. Wanaotafuta wako Unguja, wanaotafutwa wamefika Pemba, na hapana mtu wa Pemba aliyeambiwa achungulie bahari. Kabla jua la siku ya pili halijachwa, wako karibu na maji ya Kenya.

Kwa hiyo mtu huyu hakuuawa na kuvunjika kwa mlingoti. Mlingoti uliovunjika ni hasara ya fedha. Aliuawa na zile saa 12 ambazo hakuna aliyekuwa na haki ya kusema, hodi, amechelewa. Na hakuna aliyekuwa na haki hiyo kwa sababu hakuacha neno pwani kwamba anakwenda wapi na atarudi saa ngapi.

Dawa yake ni daftari la diko. Kila diko lina bwana diko wake, ambaye tayari kazi yake ni kuandika samaki walioshuka. Serikali inamtaka ajue kilo za changu na idadi ya pweza. Tunauliza: ikiwa tumeweza kuandika samaki wanaoingia, kwa nini hatuandiki watu wanaotoka? Mistari minne yatosha. Jina la chombo na rangi ya tanga lake. Majina ya waliomo, wote, pamoja na mtoto aliyechukuliwa kwenda kufua maji. Mahali wanapokwenda, kwa jina la mwamba au mkondo kama wanavyoliita wao. Na saa ya kurudi. Ikipita saa ile kwa saa mbili, bwana diko hangoji kuulizwa na mke wa mtu. Anapiga simu kwa sheha na kwa kituo cha KMKM kilicho karibu, na huyo wa kituo anapiga Pemba kabla ya kupiga popote pengine, madhali ni kusi.

Tumesikia hoja za kupinga. Wako wanaosema mvuvi hatangazi anapokwenda kwa kuwa wenzake watamwibia mahali pake pa samaki. Hoja hii ina ukweli, wala hatuidharau, kwani siri ya mwamba ni mali kama mali nyingine. Basi iandikwe katika karatasi iliyokunjwa, akabidhiwe mtu mmoja, ifunguliwe tu saa ikipita. Wako wanaosema mabwana diko hawapo alfajiri. Hilo ni la kurekebisha, si la kutolea udhuru. Wako pia wanaoogopa daftari kwa sababu huenda likatumiwa kuwatoza kodi au kuwakamata wasio na leseni. Hapa tunawaomba wakuu wa Serikali wawe wakweli: wakitaka daftari hili liokoe roho za watu, basi lisitumiwe kwa jambo jingine lolote, na watoe ahadi hiyo hadharani, mbele ya wavuvi wenyewe. Mtu asiyekuwa na leseni naye hufa maji.

Kuna upande mwingine wa daftari ambao hautajwi katika mikutano, nao ndio unaotuuma zaidi. Mwanamme akipotea baharini na mwili wake usionekane, mkewe si mke na si mjane. Katika fikihi mtu huyo ni mafkudi, aliyepotea, na hukumu yake ina masharti na muda wake. Mali yake haigawanywi. Mkewe hakai eda kwa kuwa haijathibiti kama amefiwa, na haolewi kwa kuwa haijathibiti kama ameachwa. Kadhi anataka ushahidi: nani alimwona akipanda chombo, siku gani, kikielekea wapi, na bahari siku ile ilikuwaje? Kwenye diko lisilokuwa na daftari ushahidi huo ni maneno ya mtoto aliyekuwa akiokota chaza. Mwingine atakuja kusema amemwona Mombasa, yuhai, ameoa. Mwanamke wa watu atakaa na neno hilo miaka. Mstari mmoja wa wino ulioandikwa alfajiri, wenye jina na saa, ungempa kadhi pa kuanzia, na ungewapa watoto haki ya kujua kama wamrithi baba yao au wamngoje.

Twajua kwamba wapo watakaotujibu kwa lile neno la kale, ajali haina kinga. Ni neno la kumliwaza aliyefiwa, na mahali pake ni matangani. Limegeuzwa likawa neno la mtu anayetoka bila ya upo ndani ya chombo chake. Tuliosoma chuoni tulifundishwa tawakali ni nini: ni kukaza kamba kwanza, kisha kumwachia Mola lililobaki. Ambaye hakukaza kamba hajatawakali, amezembea tu. Wala hatukufundishwa na mwalimu yeyote kwamba kuvaa boya ni kupungukiwa na imani. Mabaharia wetu waliokuwa wakisafiri kwa majahazi mpaka Arabuni na Bara Hindi walikuwa watu wa dini kuliko sisi, na hawakung'oa nanga mpaka wakague kila kamba ya chombo na waulizane juu ya pepo siku kwa siku.

Tukitaja boya, tuseme na lake. Jaketi la kujiokolea linalouzwa mjini lina bei, na mvuvi akipima baina yake na wavu mpya atachagua wavu. Hatumlaumu. Tunasema mambo mawili. La kwanza, jaketi ni sehemu ya chombo kama ulivyo usukani, kwa hiyo linunuliwe na mwenye chombo katika fungu lake la mgao, wala lisikatwe kwa baharia. Tajiri asiyeweza kununua majaketi matatu hana haki ya kupeleka watu watatu baharini. La pili, mpaka siku hiyo ifike, dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko barabara hubeba kilo 20 juu ya maji, na mtu aliyezama mpaka shingoni hahitaji zaidi ya kilo chache kumweka kichwa juu. Dumu moja, watu wawili. Hata kidumu cha lita 5 kinaweza kumshikilia mtu mmoja aliyetulia. Lifungwe kwa kamba ndefu kwenye mlingoti lisichukuliwe na upepo. Madumu hayo yamejaa majumbani mwetu yakichotewa maji.

Na chombo kikijaa maji au kikipinduka, kisiachwe. Ngalawa ya mti, pamoja na matengo yake, haiendi chini, hata ijae pomoni. Inaonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu, na inashikika. Wengi waliokufa walikuwa waogeleaji hodari walioiona pwani, wakaiona karibu, wakauacha mti ulioelea wakaogelea. Mkondo uliwapitisha mbele ya pwani ile kama mtu apitishwaje mbele ya nyumba yake ndani ya gari lisilosimama. Boti za faiba ni jambo jingine: zikijaa maji huenda chini kwa upande wa mashine ikiwa hazikutiwa vyumba vya hewa au vitu vyepesi vya kuelea ndani yake. Serikali imefanya jema kuwagawia wavuvi na wakulima wa mwani boti za faiba katika miaka hii ya karibuni. Tunapenda kuona kwamba hakuna boti itakayokabidhiwa mtu, kwa hotuba na kwa picha, mpaka kwanza imejazwa maji mbele ya wote ikaonekana kwamba inaelea. Jaribio hilo halina gharama, na picha yake ingependeza zaidi.

Katika habari ya hali ya hewa mambo yamekuwa mazuri kuliko zamani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa bahari kila siku, na hutoa onyo pale upepo unapotazamiwa kufika kilomita 40 kwa saa na mawimbi kufika mita 2. Mwezi wa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoijia pwani yetu na kufika Mafia tarehe 4, tahadhari zilitangulia, boti za abiria baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa, na wavuvi wakatakiwa wakae pwani. Tulilolikosa mwaka 1872, pale kimbunga cha Aprili kilipovunja majahazi bandarini na kung'oa minazi na mikarafuu ya Unguja bila ya mtu kupewa habari, sasa tunalo.

Lakini onyo lililotolewa si onyo lililofika. Mvuvi hazungumzi kwa kilomita wala kwa mita. Anazungumza kwa umande na matlai, kwa bamvua na maji mafu. Kilomita 40 kwa saa kwake iambiwe ni upepo gani: ni ule unaotoa povu jeupe juu ya kila wimbi, na tanga la ngalawa linatakiwa liwe limeshashushwa. Tena tusisahau kuwa upepo ukipingana na mkondo au na maji yanayotoka, wimbi lile lile la mita 2 husimama wima na kuvunjika, na pale ndipo chombo kidogo kinapomezwa ingawa upepo haukuzidi. Hilo utabiri wa mkoa mzima hauwezi kulisema. Mzee wa diko analisema. Kwa hiyo utabiri usomwe na bwana diko na mzee mmoja kwa pamoja, jioni, kisha utangazwe kwa spika ya msikiti baada ya sala ya isha, wakati watu wangali macho na hawajafunga safari. Na bendera ya rangi ipandishwe dikoni: ya njano kwa angalizo, ya machungwa kwa tahadhari, nyekundu kwa tahadhari kubwa. Rangi hizo ndizo zinazotumiwa na Mamlaka yenyewe, hatutaki kuzua nyingine.

Jambo hili linawahusu pia ndugu zetu wa kamati za wavuvi wanaofunga miamba ya pweza kwa miezi na kuifungua kwa siku moja. Ni mpango mzuri na umeleta pweza wakubwa. Lakini siku ya kufungua kila mwenye mtumbwi hutaka kuwahi, na tarehe imeshapangwa, wageni wamealikwa, na wanunuzi wameleta mizani. Siku kama hiyo hapana mtu mwenye ujasiri wa kusema bahari mbaya, turudini. Basi katika kuipanga tarehe waandike papo hapo na tarehe ya pili, ili kuahirisha kusionekane ni kushindwa.

Liko la usiku nalo. Vyombo vidogo vinavyovua kwa jarife au kwa mshipi usiku hulala njiani mwa meli, vingi bila ya taa, ili kuhifadhi betri au kuwaficha wenzao mahali penye samaki. Nahodha wa meli aliye juu, akitazama mbele, hakioni chombo kilicho chini na cheusi, na mti hauonekani vizuri katika rada. Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini, za mwaka 1972, hazikumtaka mwenye ngalawa makubwa. Chombo cha makasia, au cha tanga kilicho chini ya mita 7, kisichoweza kuwasha taa za kawaida, kinatakiwa kiwe na tochi au fanusi yenye mwanga mweupe iliyo tayari kuoneshwa mapema kabla ya kugongana. Tochi moja. Na mwenye tochi amulike tanga lake, si macho ya nahodha wa meli.

Sasa tunawageukia wakuu. Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar iliundwa kwa sheria ya mwaka 2009, na inavikagua vyombo vya abiria. Hatuombi wakaguzi waende na vitabu vinene katika kila diko wakapime ngalawa kama wapimavyo meli. Hilo litazaa faini na rushwa tu. Tunaomba kila chombo kiwe na namba iliyopakwa rangi ubavuni, kubwa ya kusomeka kutoka juu ya boti ya doria, na rangi ya namba hiyo itolewe bure. KMKM, ambacho juu ya kazi yake ya kuzuia magendo kimebeba na uokozi wa baharini, kina vijana wanaojua bahari. Tunachouliza ni petroli. Boti ya uokozi inayongoja kibali cha petroli kutoka mjini haina tofauti na boti iliyopandishwa juu kwa matengenezo. Kila kituo kiwe na madumu yake yaliyojaa, yenye kufuli, na mkuu wa kituo awe na ruhusa ya kuyatumia usiku bila ya kuuliza, kisha ajibu maswali asubuhi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Mwaka huo huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya dunia ya kuzuia watu kufa maji. Tarehe hiyo kwetu huangukia katikati ya kusi. Siku hiyo isiwe ya makongamano hotelini. Mkuu wa wilaya ashuke dikoni alfajiri, avue viatu, asimame na bwana diko, na aandike kwa mkono wake majina ya watakaotoka. Kisha arudi jioni ayahesabu.

Daftari la kurasa mia moja, kalamu iliyofungwa kwa uzi isipotee, na posho ndogo ya mtu wa kuamka kabla ya adhana ya alfajiri. Gharama ni hiyo. Tunawauliza waheshimiwa wa Wizara na wa wilaya zetu, kwa adabu na bila ya kificho: ni diko lipi litakaloanza, na ni tarehe gani?